Njia haiishii Ujiji

(Maneno yaliyosemwa na mama mmoja mwanachama wetu, muuza samaki wa soko la Nyangwe, katika mkutano mkuu wa tarehe 15 ya mwezi wa saba. Sekretere aliyaandika jinsi yalivyosemwa, akatoa marudio tu.)

 

Prezida alinipa dakika kumi niseme juu ya safari zangu. Miye ni mtu wa soko. Dakika kumi kwangu ni za kubishana na mteja mmoja juu ya kipimo kimoja cha ndakala. Kwa hiyo mnivumilie. Nitasema juu ya nyumba za makumbusho nilizoingia, kisha nitasema juu ya tanuru letu la matofali. Najua komite haikutarajia hilo la pili.

Ya kwanza niliingia kwa kupotea njia. Mwaka 2003 tulikuwa bado Nyarugusu. Mtoto wangu wa tatu aliugua, nikapewa karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikampeleka hospitali Kigoma. Siku ya kungojea majibu nikasema, acha niende Ujiji, wanasema migebuka ni rahisi kule. Niliuliza njia kwa kijana mmoja, akanielekeza vibaya, nikajikuta mbele ya uzio wenye miembe mikubwa na nguzo ya mawe yenye ramani ya Afrika. Mzee mmoja alikuwa anafagia majani. Akaniambia karibu mama, hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, tarehe 10 ya mwezi wa 11, mwaka 1871. Ndani kuna sanamu mbili kubwa za wale wazungu, wanavuliana kofia. Wakati ule nilicheka. Nilikuwa na njaa, nimebeba kikapu kitupu, na hapa kuna wazungu wawili wa karatasi wanasalimiana.

Yule mzee akaniuliza, mama umetoka wapi? Nikasema kambini. Akasema, kabla ya kambi? Nikasema Nyangwe. Akaacha kufagia. Akaniuliza, Nyangwe ile ya Livingstone? Nikamjibu, baba, mimi sijui ya Livingstone, ni Nyangwe ya bibi yangu.

Basi akaniketisha chini ya mwembe, akanieleza kwamba yule mzungu alifika pale amevunjika moyo kwa sababu ya jambo aliloliona kwetu. Ndugu zangu, nilizaliwa Nyangwe, nikasoma Nyangwe mpaka darasa la sita, na nilikwenda kusikia habari ya soko langu mwenyewe chini ya mwembe wa watu wengine, nikiwa mkimbizi.

Wengi hapa mnaijua kwa vipande. Wacha niiseme yote mara moja, juu ya vijana, na juu ya wafadhili wetu ambao labda wanajua jina la Nyangwe kutoka vitabuni tu.

Livingstone alifika hapa mwisho wa mwezi wa tatu mwaka 1871. Alitaka mtumbwi wa kuvuka na kuufuata mto aone unakwenda wapi. Hakuupata. Alikaa karibu miezi minne, na kazi yake kubwa ilikuwa kwenda sokoni kutazama watu. Soko lilikuwa la wanawake. Wagenya walileta samaki na vyungu, wengine wakaleta mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, kuku. Aliandika kwamba alipenda kuwaona wakibishana bei na kucheka. Tarehe 15 ya mwezi wa saba, siku sawa na leo, watu kama 1,500 walikuja. Akaona watu watatu wameingia na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi. Mmoja alikuwa anabishana bei ya kuku, anamshika kwa nguvu. Livingstone alikuwa anaondoka sokoni, hajafika mbali, bunduki zikalia katikati ya watu. Wanawake wakakimbilia kijito walikofunga mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa mingi, mdomo wa kijito mwembamba, ikabanana. Na kikundi kingine kilikuwa kimesimama pale pale karibu na maji, nacho kikapiga. Wengi wakajitupa mtoni, wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, maji yakawapeleka. Wenye bunduki walikuwa watu wa Mtagamoyo, ndiye Mwinyi Mohara. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Na siku ile ile vijiji vya ng'ambo vilikuwa vinawaka moto.

Kuna mama mmoja katika habari hii ambaye simsahau. Dugumbe, aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara hapa, alituma mtumbwi kuokoa waliokuwa majini, wakatolewa watu 21. Mama mmoja akakataa kupanda. Aliona kwamba wakimtoa majini watamfanya mtumwa. Akaendelea kuogelea. Livingstone hakuandika alifika wapi.

Sasa, bibi yangu mzaa mama, Mgenya wa mto, alikuwa hanunui kuku sokoni. Hata siku ya sikukuu. Alifuga wake, ao alikwenda kuomba kwa jirani. Tulimuuliza, bibi, juu ya nini? Alikuwa anasema tu: kuku wa sokoni ana damu. Tukafikiri ni mwiko wa ukoo, sawa vile wengine hawali kambale. Nilipofika pale kwa yule mzee wa Ujiji kwenye neno «kuku», nililia mpaka akaenda kuniletea maji.

Lakini bibi yangu mzaa baba alikuwa Mungwana. Watu wake walikuja na misafara, walivaa kanzu, walishika bunduki. Mnaelewa? Mtumbwi na bunduki, vyote viwili viko katika damu yangu, na hapa uani wengi wenu mko hivyo hivyo hata kama hamsemi. Kiswahili hiki ninachowasemesha kilikuja kwa ile njia ya pembe na watumwa. Tulipofika Tanzania watu walishangaa kusikia wakimbizi wa Kongo wanajua Kiswahili. Wengine walitucheka tunavyokisema. Mimi sikuwa na jibu siku zile. Leo ninalo: tulikipata kwa bei kubwa kuliko nyinyi.

Tulivuka ziwa mwaka 2006, Kigoma mpaka Baraka, kisha Fizi, Kabambare, Kasongo, mpaka hapa. Hiyo mnaijua, siirudii. Nilianza biashara ya vitenge, na mwaka 2017 nilifika mpaka Dar es Salaam kununua mali. Kwa treni tulipita Tabora. Pale Kwihara kuna nyumba ya udongo aliyokaa Livingstone mwaka 1872, wameitunza, lakini treni haimngoji mtu. Bagamoyo nilifika. Misheni yake ni ya mwaka 1868, na kwenye mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa Livingstone ulipolala mwaka 1874 kabla ya kupelekwa melini. Wenzake Waafrika walimbeba kutoka Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, mpaka pwani. Nilipendezwa kuona kwamba majina ya Susi na Chuma yanatajwa. Waliobeba mizigo kwa kawaida hawatajwi.

Kisha nikavuka Zanzibar, siku mbili tu, na pale ndipo nilipokaa sana. Kanisa kuu la Waanglikana limejengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa. Nje wamechimba shimo, ndani kuna sanamu tano za watu wamefungwa minyororo shingoni. Minyororo ni ya kweli, ya wakati ule. Aliyezichonga ni mama wa Sweden, mwaka 1998. Pembeni kuna nyumba ya maonyesho, ilifunguliwa mwaka 2016, na huko nilisoma polepole kwa kidole, sikuacha hata ubao mmoja. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mbele ya Waingereza. Na Waingereza walimbana namna ile kwa sababu nyingi, lakini moja ni barua za Livingstone juu ya mauaji ya Nyangwe, ambazo watu wa kwao walizisoma mwaka 1872 wakakasirika. Nilisimama pale nikafikiri: wale mama wa samaki na vyungu, na yule aliyekataa mtumbwi, damu yao ilisaidia kufunga soko la baharini ambalo hawakuwahi kuliona.

Shangani, ndani ya mji huo huo, nyumba ya Tippu Tip ingali imesimama na mlango wake wa kuchonga. Nilipopita nilikuta nguo za watoto zimeanikwa, familia za watu zinaishi ndani. Yeye alifia pale Zanzibar mwaka 1905. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kikachapwa. Livingstone aliandika. Stanley, aliyepita hapa mwaka 1876 akaenda na Tippu Tip kuteremka mto, aliandika vitabu vinene. Wale wanajeshi wawili wa Kibelgiji waliouawa Kasongo mwaka 1892, Lippens na De Bruyne, wana mnara wao Blankenberge, mji wa pwani kule Ubelgiji. Wale mama wa soko, hakuna aliyeandika jina la hata mmoja.

Nilimweleza hivyo mtoto wa kaka yangu aliyechukuliwa kutoka kambini kwenda Marekani. Yeye akanitumia sauti kwa WhatsApp, ndefu, akilia. Shule ya watoto wake iliwapeleka Louisiana, kando ya mto Mississippi, kwenye shamba la zamani la miwa linaloitwa Whitney. Tangu mwaka 2014 limefanywa makumbusho, na hawaanzi na nyumba nzuri ya tajiri sawa vile mashamba mengine. Wanaanza na watumwa. Kuna kuta za mawe zimeandikwa majina. Ukuta mmoja ni wa watumwa wa shamba lile, na mahali pengine pana majina zaidi ya 107,000 ya watumwa waliokuwa Louisiana. Nilimuuliza, majina yote hayo yalitoka wapi? Akasema, shangazi, yalitoka kwenye karatasi za mauzo na za mirathi. Mama mmoja mwanahistoria, Gwendolyn Midlo Hall, alitumia miaka mingi kuyakusanya. Mwenye mali aliandika mali yake: jina, umri, bei. Wale wa Marekani wamepata majina kwa sababu waliuzwa kwa karatasi. Wa kwetu waliuawa bei ya kuku haijakubaliwa.

Hata karatasi yetu ile moja iko mbali. Livingstone alipokuwa hapa daftari ziliisha na wino uliisha. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la kwao, kwa wino aliojitengenezea kutoka mmea wa hapa. Wino ulififia, ukaingiliana na maandishi ya gazeti, ikawa haisomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliipiga picha kwa mwanga wa namna nyingi, wakaisoma. Wakaona kwamba kitabu kilichotolewa mwaka 1874, baada ya yeye kufa, kililainisha mambo, hasa juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe aliotembea nao. Karatasi hizo zimehifadhiwa Scotland, na nyumba aliyozaliwa, pale Blantyre, ni makumbusho. Wino ulitoka kichakani kwetu, ndugu. Sisemi warudishe. Nasema tujue ulipo.

Na jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye tanuru. Tanzania iliandikisha kwa UNESCO mwaka 2006, katika orodha ya mahali panapongoja kukubaliwa, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Mahali ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Inaishia Ujiji. Siwalaumu, nchi yao inaishia ziwani, wataandikishaje ya kwetu? Lakini pembe hazikuota Ujiji. Watu hawakukamatwa wote Ujiji. Njia ilivuka ziwa, ikapanda Kabambare, ikafika Kasongo, ikafika hapa tulipokaa na viti vyetu vya plastiki. Kipande cha huku ni kazi ya nani?

Sasa tanuru.

Komite ilichagua kufyatua matofali ya nyumba ya chama kule juu ya ukingo wa mto, kwa sababu udongo ni mzuri na maji yako karibu. Sababu nzuri. Mimi mwenyewe nilinyanyua mkono nikakubali. Lakini wiki tatu zilizopita mjukuu wangu, ambaye anachimba pale na vijana wenzake, alirudi nyumbani na shanga saba za buluu mfukoni, na kipande cha sahani nyeupe chenye maua. Nikamuuliza, kuna nini tena? Akanyamaza. Nikamwambia, weye, sema. Akasema walitoa mifupa, wakaogopa, wakairudisha wakafunika, wakasogea hatua tano wakaendelea kuchimba. Sijui kama ni ya mbuzi ao ya mtu. Yeye pia hajui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba hakuna aliyetaka kujua.

Udongo ule una siku zaidi ya moja ndani yake. Kuna ya mwaka 1871. Na kuna ya mwaka 1893, askari wa Dhanis walipoingia Nyangwe tarehe 4 ya mwezi wa tatu, na mji uliokuwa na maelfu ya watu ukaisha. Kasongo ikafuata tarehe 22 ya mwezi wa nne. Pale Kasongo-Tongoni, kwenye matongo ya mji wa Tippu Tip, wataalamu wamechimba kwa utaratibu, kwa brashi, wanaandika kila kitu kimetoka kina gani, na mwaka 2020 walitoa habari yake katika jarida la Waingereza, Antiquity. Wao wanachimba kwa brashi, sisi kwa jembe, na ni udongo wa namna ile ile.

Najua mtakayosema, kwa kuwa mmeshaniambia sokoni. Wa kwanza anasema: mama, watu wana njaa, weye unatuletea mambo ya wafu. Namjibu: nani kati yetu hakukuta lupango lake limekaliwa aliporudi? Mimi nilikuta. Nilikwenda mbele ya mzee wa kijiji mara nne. Karatasi sikuwa nayo, ilibaki njiani mwaka 1998. Kilichonirudishia lupango ni makaburi mawili na mwembe aliopanda babu, ambao majirani watatu waliutolea ushahidi. Makaburi na miembe ndiyo hati ya mtu aliyekimbia. Chama cha watu waliorudi kikianza kufukua makaburi kwa ajili ya matofali, kesho tutamwambia nini yule aliyekalia lupango la mwenzetu akakata mwembe?

Wa pili anasema kwa sauti ya chini: usifufue hayo, tutaanza kuulizana nani aliuza nani. Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu woga wake ni wa kweli. Tumeona maneno ya ukoo yakigeuka mapanga. Lakini mtazame bibi zangu wawili. Walikuwa wake za watani, walipikia chungu kimoja siku za msiba, na hawakuwahi kuzungumza hili mbele yetu. Ukimya wao ulitusaidia kwa muda. Baadaye yakaja makundi ya watu wenye silaha wakatuambia wao historia yetu ni ipi, nani mwenyeji na nani mgeni, na sisi hatukuwa na letu la kujibu.

Wa tatu ni mfadhili wetu mmoja, mtu mwema, aliuliza kwa barua kama tunataka kujengewa makumbusho. Asante baba. Hapana, si sasa. Nyumba yenye kabati za vioo itataka mlinzi, paa, mshahara, na baada ya miaka miwili itakuwa ghala la mahindi. Nilichokiona Ujiji ni miembe, nguzo moja, na mzee anayejua habari na hachoki kuieleza. Kwa hivyo vitatu hatuhitaji dola nyingi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkutano. Tanuru lihamishwe. Kule nyuma ya kisima cha zamani kuna udongo. Fundi wetu ameuonja na kuuchoma, anasema ni mchanga mchanga kidogo lakini unashika. Maji yatabebwa mbali zaidi, najua, ni wanawake watakaobeba, nami nitakuwa mmoja wao. Matofali 2,000 yaliyokwisha kuchomwa tuyatumie, siombi tuyatupe. Vijana warudishe shanga na vigae kwa sekretere, vitiwe kwenye sanduku na karatasi ya kueleza vilipotoka, na Prezida aandike barua kwa ofisi ya makumbusho ya taifa Kinshasa kabla mtu hajavinunua kwa bei ya soda. Na wazee wanne, wawili wa mto na wawili wa Waungwana, wakae na wale vijana wenye simu nzuri, waseme wanachokijua. Kila upande usikie wa mwenzake ukiwa umekaa pale pale.

Nguzo na maandishi tungoje kwanza. Tukiandika leo tutagombana juu ya maneno.

Kesho asubuhi, kabla ya jua kukaa, tunakutana pale ukingoni. Njooni na kamba, vijiti, na majembe ya kufukia, siyo ya kufukua. Yule mjukuu wangu atatuonyesha mahali walipofunika ile mifupa. Nimemwambia hatapigwa.